Imani Nyumbani

Neno imani ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulibeba. Mtu aweza kulitamka mbele ya umati kwa nusu dakika, kisha akalibeba nyumbani mwake umri wake wote asifike mwisho. Kwa hiyo, tukitaka kuijua imani ya Mkristo, haitoshi kumtazama kanisani. Kanisani kila mtu amevaa nguo safi, na kila mtu ajua kuwa anatazamwa. Yatupasa tumtazame jikoni na mezani, na saa ile chakula kinapokuwa haba na mgeni anabisha hodi.

Nitatoa mfano unaonihusu mwenyewe, ingawa haunipambi. Miaka michache iliyopita tulifanya harambee ya kujenga kanisa. Harambee ni neno la heshima katika nchi yetu. Tangu Kenya ipate uhuru mwaka 1963 limekuwa wito wa taifa, na shule, zahanati na makanisa mengi yamesimama kwa shilingi za watu wa kawaida. Desturi ni kuwa jina la mtoaji hutangazwa pamoja na kiasi alichotoa. Jina la mwalimu mwenzangu lilipotangazwa, moyo wangu uliingiwa na wivu. Nikasimama, nikaahidi mara mbili ya fedha yake. Watu wakapiga makofi, nami nikaketi nikidhani kuwa nimemtumikia Mungu.

Usiku ule mke wangu aliniuliza kwa upole, "Baba watoto, mshahara wa yaya wa miezi miwili tutaulipa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Binti yule aliamka kabla yetu na kulala baada yetu. Alikuwa na mama mgonjwa kijijini, walakini hakuwa na ujasiri wa kunidai. Fedha niliyoiahidi kwa fahari ilikuwa jasho lake. Nilikuwa mkarimu kwa mali ya mtu mwingine.

Nilikopa katika chama cha akiba na mikopo, nikamlipa. Kulipa kulikuwa rahisi. Lililokuwa gumu ni kumwomba radhi, mimi mwalimu na baba wa nyumba, mbele ya watoto wangu. Alitazama chini, akasema, "Yamekwisha, mwalimu." Kisha nilikwenda kwa mweka hazina wa kanisa kumwambia kuwa niliahidi kupita uwezo wangu, nami ningelipa kidogo kidogo. Safari hiyo hapakuwa na makofi. Lakini usiku mwanangu mdogo aliniuliza kama watu wazima nao hukosa. Nadhani alijifunza dini siku ile kuliko katika sala zangu zote ndefu za jioni.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Wakristo ulitokea Rwanda na Uganda, ukafika Kenya kabla ya mwongo huo kwisha. Wengi walioguswa nao hawakuridhika na kuimba. Walirudisha vitu walivyokuwa wameviiba, wakalipa madeni waliyokuwa wameyaficha, na waume wakakiri makosa yao kwa wake zao. Ni kweli kuwa hata kukiri kwaweza kugeuka kuwa fahari, mtu akajivunia unyenyekevu wake kama mwingine ajivuniavyo ng'ombe wake. Lakini kitu kilichorudishwa kwa mwenyewe ni ushahidi usiohitaji maneno. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Angalia kuwa Yesu alisema wokovu umeifikia nyumba yake, si yeye peke yake.

Huenda msomaji akauliza, "Je, tusitoe kitu nje mpaka nyumba zetu zitosheke?" La, sivyo. Nyumba haitosheki kamwe. Anayengoja itosheke atakufa na ngumi iliyofumbwa. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga, mafuta kidogo, na mtoto wa kulisha, hata hivyo alimpikia nabii Eliya. Wahenga walisema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tofauti ya mjane yule na mimi ni kuwa yeye aligawa unga wake, nami niligawa unga wa yaya. Mshahara ni deni, na deni si sadaka. Haki hutangulia, ukarimu hufuata. Lakini haki ikisha kutimizwa, ukarimu hauna ruhusa ya kuchelewa, hata kama kilichobaki ni konzi moja.

Ninyi wanafunzi mwaweza kusema kuwa hamna mshahara wa kulipa wala mali ya kutoa. Hata hivyo mna vingi. Mna kitanda, na binamu aliyekuja kukaa kwenu hana. Mna kitabu, na ndugu yako mdogo anangoja zamu yake. Mna salamu, na mtu afuaye nguo zenu aghalabu hupitwa bila kusalimiwa na mtoto ambaye amefanana naye kwa umri. Mna neno "nisamehe," ambalo halina bei, lakini wengi hulificha kuliko fedha.

Kabla ya sala ya jioni, jiulize ni nani chini ya paa lile unayewiwa naye kitu, kiwe shilingi au radhi. Mwendee huyo kwanza. Sala itangoja.