Tumeuliza nani kachinja, tuulize na kilichomo sahanini



Sisi Waislamu wa Dodoma tuna bidii kubwa ya kuuliza nani kachinja. Mtu akisimama kwenye banda la nyama choma, swali lake la kwanza ni hilo, na ni swali la haki. Akishajibiwa, bismillahi, hana swali jingine. Lakini Allah (SW) katika Suratul Baqara (2:168) ametuamuru tule vilivyo halali na vilivyo vizuri. Ni masharti mawili, na la pili tumelitupa.

Nasema hivi kwa sababu ya viti. Katika msikiti ninaoswali kuna safu ya viti vya plastiki kwa wasioweza kurukuu na kusujudu. Zamani vilikaliwa na wazee. Siku hizi wamo watu wa miaka arobaini na kitu, waliopigwa kiharusi au ambao moyo umechoka, hatua kumi tu wanahema. Wengi wao presha walikuwa nayo kwa miaka bila kujua. Si ajabu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu la damu.

Bibi zetu wa Kondoa na Chamwino walikula ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde na maziwa ya mgando. Mji ulipokua, hasa Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, tukaona aibu. Mtama ukaitwa chakula cha njaa. Heshima ikawa chipsi mayai, mafuta yamechemka tangu asubuhi, chumvi juu, soda pembeni. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula. Chumvi ikizidi hupandisha presha, presha huumiza mishipa, na lehemu hujijenga humo taratibu kwa miaka, bila maumivu yoyote.

Atakayesema haya ni maneno ya Wazungu asikilize la Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea vyakula vya asili walipopewa vya kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha mwili unawaka ndani kwa ndani. Waliofanya kinyume walipata nafuu. (Kundi jingine lilipewa mbege; hilo halituhusu.)

Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alitugawia tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Nani kati yetu huliacha fungu la pumzi kwenye walima? Masheikh nao wanatuona, na wao sahani ya pili inawangoja.

Msikitini kwetu nimependekeza waumini ambao ni wauguzi wawapime watu presha kila baada ya swala ya Ijumaa. Wawili wamekubali, na kipimo kimeshanunuliwa. Kinachosubiriwa ni imamu aruhusu litangazwe.