Kichwa cha Yatima

Waarabu wana methali isemayo kwamba kinyozi hujifunza kunyoa kwenye vichwa vya mayatima. Ni methali fupi, lakini ndani yake mna swali zito, nalo linawahusu wote ambao kazi yao ni kumshughulikia mwanadamu: mkunga, mwalimu, hakimu na tabibu. Hakuna aliyezaliwa akiijua kazi yake. Kila fundi aliye hodari leo, jana alikuwa mwanagenzi, na palikuwa na mtu aliyeuvumilia ugeni wa mkono wake. Je, ni halali mwanagenzi kujifunzia kwa mtu ambaye tayari ameumia?

Nilianza kulipima swali hili baada ya kusikia maelezo ya binti mmoja, mtoto wa mwalimu mwenzangu. Alikuwa akisomea tiba ya maradhi ya akili, na katika mwaka wake wa mwisho alipelekwa kwa majuma manane kwenye kambi mojawapo ya wakimbizi mkoani Kigoma. Wagonjwa wake wengi walikuwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Hawakuwa na donda la kufungwa bendeji. Mmoja hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Mwingine, bati likigongwa kwa jirani, alijitupa chini kama aliyesikia risasi.

Kiswahili kina neno la hali hiyo: kiwewe. Wataalamu walichelewa kuitambua. Mwaka 1915 daktari wa Kiingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la The Lancet habari za askari waliopotewa na kumbukumbu na nguvu ya kuona baada ya mishindo ya mizinga. Wengi wakawaita askari wa namna hiyo waoga. Ni mwaka 1980 tu ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipoyaingiza maradhi ya baada ya kiwewe katika mwongozo wake rasmi. Tofauti yake na huzuni ya kawaida ni kwamba tukio linakataa kuwa jambo la zamani. Mgonjwa hakumbuki tu, bali hurudishwa palepale, saa ileile. Kwa hiyo mojawapo ya njia za kumtibu ni kumsaidia kuyasimulia maisha yake kwa mfuatano, polepole, mpaka lile tukio lipate mahali pake na tarehe yake.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, lililomfika yule binti. Mama mmoja wa makamo alikaa mbele yake majuma matatu bila kusema neno la maana. Juma la nne akaanza. Juma la saba akafika kwenye usiku ambao hakuwahi kumweleza mtu yeyote. Ndipo binti akamwambia kwamba muda wake pale umebaki juma moja. Yule mama akamtazama, akamwuliza, "Sasa hii habari, unaniacha nayo wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Ratiba ya chuo haikuwa imemfikiria yule mama, ilimfikiria mwanafunzi. Alichofanya ni kumtafuta mwuguzi Mkongo aliyekuwa akiishi na kufanya kazi palepale kambini, na kwa idhini ya mama wakakaa wote watatu siku ya mwisho. Kama habari ile ilimalizika, binti hajui mpaka leo.

Wako watakaosema kwamba hilo latosha: wanagenzi wakae mbali na majeraha ya namna hii. Hawakosi ushahidi. Kulikuwa na desturi, baada ya maafa, ya kuwataka walionusurika wasimulie yote katika kikao kimoja, kisha kila mtu ashike njia yake. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2002 ulionyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii maradhi haya, na huenda kikawadhuru baadhi ya watu. Kufungua si kutibu.

Lakini upande wa pili nao una hoja. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida, wakimbizi miongoni mwao, waliofunzwa kwa majuma machache na kusimamiwa na wataalamu. Waliopata matibabu walipata nafuu kuliko wale ambao hawakutibiwa. Madaktari wa akili katika nchi zetu ni wachache mno. Tukisema wanagenzi wasiguse, maana yake ni kwamba wagonjwa wengi wasiguswe na mtu yeyote.

Mimi nilisomea ualimu chuoni, na huko tulikuwa na mazoezi ya kufundisha. Tulipelekwa shule za msingi na maandalio ya masomo mkononi na miguu ikitetemeka. Lakini mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake, na mwalimu mwenye darasa hakuhama. Sisi tulipoondoka, watoto walibaki na mtu anayejua wameishia wapi. Najua mfano huu una mpaka. Mtoto asiyeelewa sehemu leo atafundishwa tena kesho, ilhali moyo uliofunguliwa ukaachwa wazi huenda usikubali kufunguliwa mara ya pili. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyashika masharti yale kwa nguvu zaidi: mgonjwa aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba huyu ni mwanafunzi na ataondoka tarehe fulani, mkufunzi awepo, si kwa jina tu, na asianze mtu kufungua lisilo na wa kulipokea.

Turudi kwenye methali. Ukiitazama vizuri, haimlaumu kinyozi kwa kujifunza. Inauliza kwa nini kila mara kichwa ni cha yatima. Ni kwa sababu yatima akikatwa hakuna baba wa kuja kuuliza. Mkimbizi naye ni hivyohivyo, na maskini, na mgonjwa wa akili ambaye jamaa wamemchoka. Kosa haliko katika ugeni wa mkono, liko katika kuchagua kichwa kisicho na mtetezi na kuiita hali hiyo elimu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Anayepanga ratiba ya wanagenzi na ajiulize kama angekubali mama yake mzazi ahudumiwe na mwanafunzi yuleyule, kwa majuma yaleyale, na kuachwa kwa namna ileile. Akikubali, mwanafunzi na aende akajifunze, na Mungu amsaidie. Akisita, basi na airekebishe ratiba kabla mtu hajaambiwa, "Karibu mama, keti, nieleze."