Simu ni Shahidi

Tabia ya mtu ina mashahidi wengi. Zamani mashahidi hao walikuwa wazazi, jirani na rafiki. Siku hizi ameongezeka shahidi mwingine, naye hukaa mfukoni. Shahidi huyu ni simu.

Bila shaka umesikia, ewe msomaji, wazee wa Meru na Embu wakilalamika kuwa mitandao ya kijamii imeharibu vijana. Vijana hujibu kuwa wazee hawayajui mambo ya leo. Kabla ya kukata shauri, na tumsikilize shahidi.

Mwaka 2018 Apple na Google zilianza kutia katika simu hesabu ya matumizi. Ukiifungua, hukuambia umeitazama kila programu kwa muda gani. Chukua mfano wa kijana aliye nyumbani wakati wa likizo. Asubuhi mama alimwomba msaada wa kuchuma majani chai; akajibu kuwa ana masomo. Jioni mama amesimama peke yake na kikapu, akingoja zamu ya kupimiwa. Kitabu kipo katika ukurasa ule ule wa asubuhi. Na hesabu yasema TikTok, muda wa saa nne. Mama aliweza kudanganywa, lakini hesabu haikudanganyika. Kilichofichuliwa si uovu wa simu. Ni uvivu uliovaa vazi la masomo.

Ulimi nao una kumbukumbu yake. Uvumi ulioandikwa Runyenjes huvuka mto Thuci na kufika Maua kabla uji haujapoa. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, husikiliza pande zote ndipo likate shauri. Soma uliyoyaandika na kuyapeleka kwa wengine mwezi huu. Mangapi uliyahakikisha kwanza? Mangapi yalikuwa shukrani, na mangapi dhihaka?

Yamkini utasema, basi simu itupwe. Kuvunja kioo hakuondoi doa usoni. Mvivu asiye na simu atapata kivuli cha mti, na msengenyaji atapata wenziwe kisimani. Ni kweli kwamba programu hizi zimeundwa zimshike mtu asiondoke, kwa kuwa muda wake huuzwa kwa wenye matangazo. Huo ni mtego. Lakini kila mtego una chambo, na chambo humvuta mnyama kwa njaa yake. Mmoja hunaswa na sifa, wa pili na wivu, wa tatu na hofu ya kuwa peke yake. Chambo kinachokunasa wewe ndicho kinachokutajia njaa yako.

Basi usiku mmoja ifungue hesabu hiyo bila kujitetea. Usiahidi kubadili mambo kumi. Chagua tabia moja, uanze nayo. Na kesho mama akiita, jibu kwa miguu.