Je, Mtoto Aambiwe Roketi Ilijengwa na Nani?

Katika mji wa Huntsville, jimbo la Alabama nchini Marekani, ipo kambi ya watoto iitwayo Space Camp. Ilifunguliwa mwaka 1982 katika kituo cha makumbusho ya anga na roketi. Watoto wa kuanzia miaka 9 hadi vijana wa miaka 18 hukaa hapo kwa siku kadhaa, wengi wao wakati wa likizo ya kiangazi. Hufundishwa jinsi roketi inavyosukumwa na gesi inayotoka nyuma yake. Huketishwa katika kiti kinachowapunguzia uzito ili waonje kutembea mwezini, ambako uzito wa mtu ni sehemu moja tu kati ya sita ya uzito wake duniani. Kisha hugawana kazi: wengine huwa wanaanga ndani ya chombo cha kuigiza, wengine hubaki katika chumba cha kuongozea safari. Baadhi yao walifika angani kweli. Dorothy Metcalf-Lindenburger, aliyehudhuria kambi hiyo akiwa msichana wa shule, alisafiri kwa chombo cha Discovery mwezi Aprili 2010.

Wazo la kambi hiyo hunasibishwa na Wernher von Braun, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeongoza uundaji wa Saturn V, roketi iliyowapeleka binadamu wa kwanza kutua mwezini Julai 1969. Husimuliwa kwamba alijiuliza kwa nini watoto wana kambi za michezo na muziki lakini hawana kambi ya sayansi. Alifariki mwaka 1977, na mkurugenzi wa kituo, Edward Buckbee, ndiye aliyelitekeleza wazo hilo.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba von Braun huyo huyo alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937 na kikosi cha SS mwaka 1940, na kwamba kabla ya Saturn V aliunda V-2, roketi ya vita ya Hitler. Baada ya ndege za Uingereza kushambulia Peenemünde mwezi Agosti 1943, utengenezaji wa V-2 ulihamishiwa katika mahandaki ndani ya mlima karibu na mji wa Nordhausen. Waliofanya kazi humo walikuwa wafungwa wa kambi ya mateso ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipita katika kambi hiyo na matawi yake, na takribani 20,000 kati yao walikufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na kunyongwa. Waliokufa wakiitengeneza V-2 ni wengi kuliko waliouawa nayo ilipoangukia London na Antwerp. Von Braun aliingia katika mahandaki hayo na kuyaona. Vita vilipokwisha, Marekani ilimchukua pamoja na wahandisi wenzake, na mwaka 1950 akahamia Huntsville.

Katika Kiswahili, mahali pa watoto kucheza na kujifunza huitwa kambi, na mahali walipofia wale wafungwa pia huitwa kambi. Mtu mmoja anaziunganisha kambi hizo mbili. Sikusudii kukishtaki kituo cha Huntsville, kwani habari za Dora zimo vitabuni na yeyote anaweza kuzisoma. Swali langu ni la maadili: mtu mzima anayemwashia mtoto hamu ya sayansi anamdai mtoto huyo usikivu, je, naye anadaiwa nini? Je, anadaiwa kumwambia roketi ilijengwa na nani, kwa mikono ya nani?

Wapo watakaosema hapana, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni umri. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alitaka hadithi za watoto zichujwe, tena akawaruhusu watawala kusema uongo kwa manufaa ya dola. Mtoto, kwa mtazamo huo, apewe kwanza kinachomjenga. Hoja ya pili ni kwamba sayansi haina dhambi ya mwanasayansi. Kanuni ya Newton inayosukuma roketi ingekuwa kweli hata kama binadamu wote wangekuwa waovu. Hoja ya tatu ni ya matokeo: yaliyopita yamepita, na leo kambi inazaa wahandisi, madaktari na walimu. Kwa nini kumtia mtoto huzuni kwa kosa asilolifanya?

Nianze na hoja ya pili kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba hesabu za roketi hazibadiliki kwa tabia ya anayezikokotoa. Lakini kambi ya watoto haifundishi hesabu peke yake. Inawapa watoto mavazi ya wanaanga, inawasimamisha mbele ya roketi yenye urefu wa mita 110, inawaambia hawa ndio mashujaa, nanyi mnaweza kuwa kama wao. Hapo tumeshatoka kwenye fizikia na kuingia kwenye malezi. Anayetoa kielelezo cha kuigwa hawezi tena kujitetea kwamba anafundisha kanuni za Newton tu.

Kuhusu umri na huzuni, historia ya anga yenyewe inatupa jibu. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Watoto wengi wa Marekani walikuwa wakitazama moja kwa moja madarasani. Familia za marehemu zingeweza kutaka jina hilo lisahaulike. Badala yake, mwaka huohuo zilianzisha Challenger Center, taasisi inayofungua vituo vya sayansi kwa watoto wa shule, nazo zikakiacha chombo kilicholipuka kiwe ndilo jina la mahali pa kujifunzia. Watoto wanaoingia humo wanajua watu walikufa, na bado wanapenda nyota. Kumbe mtoto anaweza kubeba ajabu na huzuni kwa pamoja, ilimradi aliye mbele yake asimwache peke yake.

Basi kwa nini ni rahisi kumsimulia mtoto Challenger kuliko Dora? Kwa maoni yangu tofauti haiko kwa mtoto. Iko kwetu watu wazima. Wanaanga wale walichagua kupanda chombo, na kifo chao kinatupa sifa ya ujasiri. Wafungwa wa Dora hawakuchagua chochote, na kifo chao kinatuuliza tulifaidika na nini. Kifo kinachotusifu tunakisimulia upesi. Kinachotushtaki tunasema mtoto bado ni mdogo. Tunamtaja mtoto ilhali tunajikinga sisi wenyewe.

Isitoshe, ukimya huo unapingana na kile kambi inachokifundisha. Katika safari za kuigiza, wakufunzi huleta hitilafu makusudi, na watoto wa chumba cha kuongozea hutakiwa kuitambua, kuitangaza na kuitafutia suluhisho. Mtoto atakayeona taa nyekundu akanyamaza ili asiwaharibie wenzake mchezo, amefeli. Somo hilo lina damu nyuma yake. Usiku wa kuamkia safari ya Challenger, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walionya kwamba baridi ingedhoofisha pete za mpira zinazoziba maungio. Hawakusikilizwa. Tukimtaka mtoto atangaze hitilafu ya mashine, kwa kanuni gani tumfiche hitilafu ya historia?

Tena siri za namna hii hazikai. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua. Arthur Rudolph alisimamia uzalishaji katika mahandaki yale, na baadaye akasimamia mradi wa Saturn V. Mwaka 1984, miaka miwili tu baada ya kambi ya watoto kufunguliwa, aliondoka Marekani na kuukana uraia wake baada ya kuchunguzwa na Wizara ya Sheria. Mtoto atakayeyajua haya baadaye peke yake atajiuliza ni mangapi mengine aliyofichwa, na huenda akaitilia shaka hata sayansi yenyewe.

Sisemi mtoto wa miaka 9 aonyeshwe picha za maiti. Ukweli hupimwa kama dawa. Huyo anatosha kuambiwa kwamba roketi za V-2 zilitengenezwa na watu waliolazimishwa, na wengi wao walikufa. Wa miaka 13 anaweza kuambiwa jina la kambi na idadi ya waliokufa. Wa miaka 17, ambaye karibu atachagua masomo ya chuo, apewe habari yote, kisha aulizwe: wewe ungefanya nini? Kupunguza kipimo si uongo. Uongo ni kupanga masimulizi ili asifike kamwe kwenye swali hilo.

Nasi wa Uganda swali hili linatuhusu. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022, na watoto wetu wameanza kuuliza habari za anga. Lakini tunayo mazoea yaleyale ya kusimulia nusu. Kuhusu reli ya kutoka Mombasa, mtoto husimuliwa kwa hamu simba wa Tsavo, ilhali vibarua kutoka India wapatao 2,500 waliokufa katika ujenzi wake, wengi kwa maradhi, hutajwa kwa haraka au hawatajwi kabisa. Tutakapojenga kambi zetu za sayansi, tutabeba mazoea hayo ndani yake tusipoyakataa mapema.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mtoto aambiwe. Hatutamnyang'anya ndoto yake kwa kumwambia. Tutampa kile ambacho von Braun alikosa, au alikuwa nacho akakinyamazisha: mazoea ya kuuliza, kabla ya roketi kuruka, nani anailipia.