Ugonjwa wa Crohn na Utulivu Usio Kupona

Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, ni uvimbe sugu wa njia ya chakula, yaani hali ambamo kinga ya mwili huudhuru utumbo wenyewe, ukapata vidonda, na mgonjwa akaharisha, akakonda na kuchoka kwa uchovu ambao jirani hauoni. Hauambukizi wala si laana, na ni dhuluma kumficha anayeugua.

Ugonjwa huu hufanana mno na kifua kikuu cha utumbo, na kuvichanganya viwili hivyo ni hatari, kwa kuwa steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe kwa kudhoofisha kinga, zaweza kukichochea kifua kikuu. Tiba ya Crohn huleta kipindi cha utulivu, ambacho wengi hukidhania kupona, wakaacha dawa, na maradhi yakarudi. Sigara huyazidisha.

Anayeharisha kwa zaidi ya wiki 4, hasa akiona damu au akipungua uzito, asingoje; amwone daktari.