Zawadi Isiyompunguzia Mtoaji

Ukikata kijiti cha asumini chini kidogo ya kifundo, ukapunguza majani ya chini na kukitia kwenye glasi ya maji dirishani, baada ya wiki kadhaa kinaweza kutoa mizizi. Nimeotesha vijiti vingi hivyo na kuwagawia majirani, na kila mara najiuliza: hivi kweli nimetoa kitu? Mti wangu umebaki palepale. Tena ukipunguzwa, huchipua zaidi.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ila sisi tumezoea kuupima moyo huo kwa kile kinachompungua mtoaji: shilingi iliyotoka mfukoni, sahani iliyogawanywa mara mbili. Kwa kipimo hicho, kijiti si zawadi kabisa. Ni takataka yenye bahati.

Mimi naona kipimo ndicho kibovu. Fikiria muhogo. Mkulima hapandi punje. Anapanda pingili za shina, za sentimita 20 hadi 30 hivi, na mara nyingi amezipata kwa jirani bila bei. Pingili hiyo ni mti uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Huenda na utamu wake, na huenda na maradhi yake. Batobato na michirizi ya kahawia huenezwa na inzi weupe, ndiyo, lakini huenezwa vilevile na mkono mkarimu. Na michirizi ina hila: majani yanaweza kuonekana mazima huku mihogo inaoza ardhini.

Hapo ndipo utoaji unapokuwa na gharama. Mvua zimekaribia, jirani anakuja kuomba mbegu ya muhogo, nawe unajua shamba lako lina ugonjwa. Ukimpa, atakushukuru leo na kuvuna uozo mwakani. Ukimnyima, utaitwa mchoyo. Mwema ni nani hapo?

Kwangu mimi, ni yule anayemwambia ukweli, akakubali kuitwa mchoyo, kisha akamsaidia kutafuta mbegu safi. Maana kitu kisichokupunguzia chochote ni rahisi kukitoa bila kukitazama, na huko kutotazama ndiko ubahili wenyewe. Ndivyo tunavyogawa nasaha, ndivyo tunavyosambaza habari za kwenye simu: hazitupunguzii kitu, basi hatuzikagui.

Kabla hujakata, geuza jani uangalie upande wa chini.