Kipimo cha Haki



Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tuliwakaririsha wanafunzi maana ya ampea, kipimo cha mkondo wa umeme, kama ilivyowekwa mwaka 1948: nyaya mbili sambamba, zisizo na mwisho, zilizoachana mita moja mahali pasipo na hewa. Nyaya za namna hiyo hakuna fundi awezaye kuzitengeneza. Tarehe 20 Mei 2019 maana hiyo iliachwa. Sasa ampea hutegemea chaji ya elektroni moja, kitu kidogo mno, kilicho sawa kila mahali. Taa zetu hazikupungua mwanga. Kilichorekebishwa ni msingi wa kipimo.

Je, sisi twawapimaje wenzetu? Binti aliyezaa kabla ya ndoa akirudi kanisani, twamdai utakatifu usio na mwisho, ambao sisi wenyewe hatujaufikia. Mithali 11:1 yatufundisha kwamba Mungu huchukia mizani ya udanganyifu. Kipimo chake ni neema ileile, kwa mkubwa na kwa mdogo. Basi akija, tumsogezee nafasi katika benchi letu. Asikae nyuma peke yake.

Bwana atusaidie. Amina.